MASHAURI YA KAZI: Peta Kwanza Ndipo Ufute – Namna ya Kusafisha Filta ya Kamera

Juma hili twataka kujibu swali lililo fupi, illa majibu yake si mafupi. Swali lenyewe ni la wapiga picha wa masokoni, na hasa wale wa Ishiara na nchi yote ya chini ya Mbeere, mahali ambapo jua ni kali na vumbi halimwombi mtu ruhusa. Wauliza hivi: Ile filta, yaani kioo chembamba kilichotiwa katika pete na kupachikwa mbele ya lenzi ya kamera, husafishwaje bila kuharibika?

Huenda mkulima akasema, "Mimi sina kamera, mambo haya ni ya vijana wa studio." Tafadhali asifunue ukurasa upesi. Karani avaaye miwani anacho kioo kama hicho usoni pake. Mwenye simu ya kupigia picha anacho kioo kama hicho mgongoni mwa simu yake. Na yule asiye na kimoja cha hivyo, siku moja atasimama mbele ya kamera ya mtu mwingine, yeye mwenyewe, au mama yake, au mtoto wake amalizapo shule. Kwa hiyo shauri hili lamhusu kila mtu.

HASARA ISIYOLIPIKA

Tufikiri kwanza ni hasara gani twaizungumzia. Filta iliyochafuka haivunji kamera, wala haimzuii mtu kupiga picha. Picha hutoka, na katika kioo kidogo cha kamera yaonekana njema. Lakini ikichapishwa kwa ukubwa, mara twaona uso umefunikwa na kitu kama ukungu wa asubuhi. Palipostahili kuwa peusi ni pa kijivu, na macho ya mtu hayana nuru. Sababu yake ni mafuta ya vidole na mikwaruzo midogo, ambayo huutawanya mwanga wa jua kabla haujaingia ndani ya kamera.

Kama picha hiyo ni ya mbuzi wa mnada, si neno. Mbuzi atapigwa nyingine. Lakini wazee wengi wa vijijini wamepigwa picha mara chache mno katika maisha yao. Siku mzee afarikipo, watoto hutafuta picha ya kuweka mbele ya jeneza na katika karatasi ya ibada ya mazishi, na mara nyingi yapatikana moja tu, ile aliyopigwa siku ya harusi ya mjukuu au siku ya baraza. Ikiwa hiyo nayo ina ukungu, hakuna fundi awezaye kumrudisha mzee aketi tena kitini. Hasara ya filta ni ya shilingi, na shilingi hutafutwa. Hasara ya uso wa mzee hailipiki.

FILTA NI ZA NAMNA NYINGI

Zamani za picha nyeusi na nyeupe, mpiga picha hodari alichukua filta ya manjano mfukoni. Filta hiyo huzuia sehemu ya mwanga wa buluu, hivi anga hutoka jeusi kidogo, na mawingu meupe juu ya Mlima Kenya huonekana dhahiri. Filta nyekundu hufanya vivyo hivyo kwa nguvu zaidi. Kampuni ya Kodak ilipoinunua mwaka 1912 kampuni ya Mwingereza Frederick Wratten, jina la Wratten liliendelea kutumika kwa filta za namna hiyo, na mafundi walijua kila moja kwa nambari yake.

Siku hizi kamera za dijitali zaweza kugeuza rangi zenyewe, kwa hiyo filta za rangi zimepungua. Zilizobaki sana ni tatu. Ya kwanza ni filta nyeupe ya kinga, ambayo kazi yake kubwa ni kuilinda lenzi isiguswe na vumbi, matone ya mvua na vidole vya watoto. Ya pili ni filta ya polaraizi, ile izungukayo katika pete yake. Hupunguza mng'ao wa maji na majani na kulitia anga rangi. Ya tatu ni filta nyeusi, ipunguzayo mwanga pale jua linapozidi. Yapasa mtu ajue anayo ipi kabla ya kuigusa, maana dawa ya moja yaweza kuwa sumu ya nyingine.

VUMBI LA ISHIARA SI VUMBI LA RUNYENJES

Mtu ateremkaye kutoka Runyenjes hadi Ishiara huona udongo ukibadilika chini ya miguu yake. Kule juu, katika miteremko ya Mlima Kenya, udongo ni mwekundu na laini, umetokana na mawe ya volkano, na humo humea chai na kahawa. Huku chini udongo wa sehemu nyingi ni wa kichanga, umetokana na miamba ya kale sana, na humo watu hulima mtama, mawele, kunde na ndengu. Chota mchanga wa mto uliokauka, uutazame juani. Utaona chembe nyeupe zilizo kama vipande vidogo vya chupa. Nyingi za chembe hizo ni jiwe liitwalo kwatzi.

Mwaka 1812 mtaalamu wa mawe, Friedrich Mohs, alipanga ugumu wa mawe kwa nambari tangu 1 hadi 10. Jiwe laini la ulanga alilipa 1, na almasi akaipa 10. Katika mpango huo kwatzi ni 7. Kioo cha kawaida hakifiki 6. Maana yake ni kwamba chembe ya mchanga yaweza kukikwaruza kioo, wala kioo hakiwezi kuikwaruza chembe. Basi mpiga picha ashikaye ncha ya shati lake siku ya soko, katikati ya vumbi la magari na la watu wanaopura ndengu, akaifuta filta yake kwa nguvu, amefanya kazi sawa na ya seremala apigaye msasa. Tofauti ni kwamba seremala ajua afanyalo.

Tena, kinachokwaruzwa si kioo kitupu. Kioo kitupu hurudisha kadiri ya sehemu 4 katika 100 za mwanga katika kila uso wake, na kwa kuwa filta ina nyuso mbili, kadiri ya sehemu 8 hupotea au kuzunguka-zunguka ovyo na kuharibu picha. Mwaka 1935 Alexander Smakula, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Zeiss huko Ujerumani, aligundua njia ya kukipaka kioo utando mwembamba wa dawa ili mwanga upite bila kurudi. Utando mmoja wa namna hiyo unene wake ni kadiri ya sehemu moja ya 10,000 ya milimita. Ndio uifanyao filta nzuri ing'ae zambarau au kijani ukiigeuza mbele ya dirisha. Ukiona mahali rangi hiyo imetoka kama rangi ya mlango wa zamani, ujue kwamba utando umekwisha kufutwa, na haurudi tena.

Watu wa Mbeere ni wafugaji wa nyuki tangu zamani, nao wanajua maana ya methali isemayo, "Chovya chovya humaliza buyu la asali." Hakuna afutaye filta mara moja ikafa. Huharibika kidogo leo, kidogo kesho, hata siku moja mwenyewe ashangaa mbona picha zake hazipendezi kama zamani, akailaumu kamera.

JE, YAHITAJI KUSAFISHWA?

Kwa sababu hiyo, swali la kwanza si "Nisafishe kwa nini?" bali ni "Je, kuna haja?" Punje tatu nne za vumbi juu ya filta kwa kawaida hazionekani katika picha ya mtu, kwa kuwa ziko karibu mno na lenzi. Huonekana zaidi mtu akipiga picha ya nchi pana na tundu la lenzi likiwa dogo sana, au jua likiwa mbele yake. Lakini alama ya kidole chenye mafuta ni mbaya wakati wote.

Ishike filta kwa pete yake, uigeuze polepole mbele ya dirisha, kisha mbele ya karatasi nyeupe. Ukiona vumbi tu, lipulize na uishie hapo. Ukiona mafuta, au madoa ya maji yaliyokauka, ndipo uendelee na kazi inayofuata. Kazi hiyo ifanywe ndani ya nyumba, mezani, upepo ukiwa umetulia, na kioo kikiwa kimepoa. Kioo kilichotoka juani hukausha dawa upesi, ikaacha alama mbaya kuliko zile za kwanza.

HATUA ZA KAZI

Mama wa nyumbani huupeta mtama kwa ungo kabla ya kuusaga. Akisaga kabla ya kupeta, changarawe huingia katika unga, na hakuna ungo wa kuitoa tena. Hii ndiyo sheria yetu yote: peta kwanza, ndipo ufute.

Kwanza, nawa mikono kwa sabuni, ukaushe. Mkono wenye mafuta hauwezi kuondoa mafuta.

Pili, kabla ya kuifungua filta, puliza pete yake kwa nje. Vumbi hukaa katika mikunjo ya pete, na mtu afunguapo kwa haraka huliangusha juu ya lenzi ile ile aliyotaka kuilinda. Kisha fungua polepole, ufunike lenzi kwa kifuniko chake.

Tatu, puliza nyuso zote mbili za filta kwa mpira wa kupulizia. Asiyepata mpira wa duka la kamera aweza kununua katika duka la dawa ule mpira mdogo wa kusafishia masikio, ukiwa mpya na mkavu, usio na unga ndani. Shika filta ukiielekeza chini ili vumbi lianguke. Usipulize kwa kinywa, kwa maana mate hufuata pumzi. Wala usiipeleke kwenye pampu ya upepo ya gereji, kwa kuwa upepo ule mara nyingi huja na mafuta na maji. Makopo ya upepo yauzwayo madukani nayo yana hatari yake: likiinamishwa, kopo laweza kutema maji ya baridi kali juu ya kioo.

Nne, punje zilizokataa kutoka uziguse kwa brashi laini sana, ya manyoya, isiyotumika kwa kazi nyingine. Pitisha kwa wepesi bila kukandamiza. Usizishike nywele za brashi kwa vidole, zisije zikachukua mafuta. Kisha puliza tena.

Tano, baada ya kupeta huko, sasa waweza kufuta. Chukua karatasi laini ya lenzi, au kitambaa kile cha kufutia miwani kilicho safi. Tia tone moja au mawili ya dawa ya kusafishia lenzi juu ya kitambaa, wala si juu ya kioo, kwa kuwa dawa iliyodondoshwa kiooni hukimbilia ukingoni, ikaingia ndani ya pete na kukaa humo. Anza katikati, uzunguke kwenda nje polepole, kama mtu achoraye ganda la konokono. Hivyo uchafu husukumwa ukingoni usirudi katikati. Ukimaliza mzunguko mmoja, geuza kitambaa upate upande safi. Karatasi ikitumika mara moja itupwe.

Sita, tazama tena mbele ya dirisha. Kama kuna alama hafifu, rudia mara moja kwa sehemu kavu ya kitambaa. Kama bado ipo, acha. Alama hafifu haina madhara kama mtu afutaye mara kumi akitafuta ukamilifu.

Kitambaa chenyewe kioshwe kwa maji na sabuni kidogo, kisuuzwe sana, kikaushwe pasipo na vumbi, na kiwekwe katika mfuko unaofungwa. Usitumie dawa ya kulainisha nguo, kwa kuwa huacha mafuta. Kitambaa kilichoanguka chini kisitumike mpaka kioshwe, ijapokuwa kimeanguka mara moja tu na hakuna aliyeona.

FILTA YA KUOSHA KWA MAJI

Filta nyeupe ya kinga, iliyo kioo kimoja tu, yaweza kuoshwa kwa maji ikiwa imefunguliwa katika kamera na imechafuka sana, mathalan imerukiwa na matope. Ipulize kwanza, kisha uipitishe katika maji ya vuguvugu safi, tone moja la sabuni ya vyombo, usugue kwa ncha ya kidole kilichooshwa bila nguvu, na uisuuze sana.

Shida ni maji ya mwisho. Maji ya visima vingi katika nchi kavu yana chumvi, na yakikauka huacha madoa meupe. Kwa hiyo suuza mara ya mwisho kwa maji yaliyotoneshwa, yale yauzwayo katika vituo vya petroli kwa jina la maji ya betri. Lakini soma maandishi ya chupa kwa makini! Maji ya betri ni kitu kimoja, na asidi ya betri ni kitu kingine. Asidi huunguza ngozi na kupofusha macho. Kama chupa haina maandishi, usiinunue.

VITU VYA KUEPUKWA

Shati, leso, taulo, na karatasi za chooni au za mezani, hata zikiwa laini mkononi, si laini kwa utando wa kioo, na vumbi lililomo ndani yake halionekani. Dawa ya meno ina unga wa kusugulia. Huyang'arisha meno na kukikwaruza kioo. Mafuta ya taa na petroli huacha utando wa mafuta. Dawa ya kutolea rangi ya kucha huyeyusha plastiki na kutoa rangi ya pete. Dawa za kusafishia madirisha, zile zenye amonia, hazifai kwa nyuso zilizopakwa utando. Dawa nzito ya kutakasa mikono, ambayo watu wengi walibaki nayo baada ya maradhi ya korona ya mwaka 2020, imetiwa vilainisho vya ngozi, navyo hubaki kiooni.

Wengi huuliza habari za spiriti ya duka la dawa. Ile ya kupaka vidonda, aghalabu hutiwa mafuta, na mara nyingine ni mafuta ya mbarika yenyewe, ili ngozi isikauke. Mafuta hayo ni mema kwa ngozi na mabaya kwa kioo. Ifaayo ni alkoholi safi ya isopropili isiyochanganywa na mafuta wala manukato, na tone moja latosha.

HATARI YA SPIRITI NYUMBANI

Hapa hatuna budi kusimama kidogo, kwa maana jambo hili lapita habari za kamera. Spiriti na alkoholi za kusafishia hushika moto upesi, hata mvuke wake. Usizitumie karibu na jiko, mshumaa wala koroboi, wala mtu avutapo sigara. Fungua dirisha. Funga chupa mara umalizapo, na kitambaa chenye spiriti usikitupe penye makaa.

Jambo kubwa kuliko yote ni chupa. Usitie spiriti katika chupa ya soda au ya maji ya kunywa, hata kwa siku moja. Mtoto aliyetoka shambani na kiu hasomi; huona chupa aijuayo, akanywa. Iweke katika chupa yake yenyewe, yenye maandishi yake, juu, mahali pasipofikiwa na mkono wa mtoto. Akinywa, apelekwe hospitalini upesi pamoja na chupa ile, ili mganga ajue ni sumu gani. Asilazimishwe kutapika.

Tena, spiriti za namna fulani hutiwa methanoli makusudi ili zisinyweke. Methanoli hupofusha macho na kuua. Watu wa Embu hawana haja ya kufundishwa jambo hili na gazeti: mwezi wa Mei 2014 watu wengi walikufa, na wengine wakapoteza macho, katika Embu na kaunti nyingine, baada ya kunywa pombe iliyotiwa methanoli. Nyumba nyingi bado zina pengo la mwezi ule. Basi chupa ya mpiga picha isiwe mlango wa msiba mwingine.

FILTA ZITAKAZO UANGALIFU ZAIDI

Filta ya polaraizi si kioo kimoja. Ndani yake mna karatasi nyembamba ya plastiki iliyobanwa katikati ya vioo viwili. Hii ni kazi iliyoanzishwa na Mmarekani Edwin Land, aliyeomba hataza yake mwaka 1929. Kwa hiyo usiichovye majini kabisa. Maji hupenya ukingoni, yakaachanisha vioo na karatasi, na filta ikaota mabaka yasiyotoka. Joto nalo huiumiza vivyo hivyo. Isiachwe juu ya dashibodi ya gari lililoegeshwa juani. Hali kadhalika filta za rangi za zamani, ambazo rangi yake imewekwa katikati ya vioo viwili. Na zile za gelatini tupu, zilizo kama karatasi ya rangi, hazifutwi kwa maji wala kwa dawa. Hupulizwa tu, na kushikwa kwa pembe zake.

Mara nyingine filta hukwama, haifunguki. Watu hukaza vidole kwa nguvu, na kumbe nguvu ndiyo ifanyayo pete iwe yai na kukwama zaidi. Kata ukanda mwembamba wa tyubu ya baiskeli, uuzungushe pete yote, kisha uzungushe polepole kuelekea kushoto, ukiishika pande zote sawasawa. Usitie mafuta wala koleo. Na kama kioo cha filta kimevunjika, vaa miwani ya kinga, elekeza lenzi chini, uache vipande vianguke juu ya gazeti, na uvipulize vilivyobaki. Usiguse lenzi mpaka vyote vitoke.

Kuna filta moja ambayo makosa yake huharibu jicho, wala si picha tu. Ni filta ya kutazamia jua. Kupatwa kwa jua kwa tarehe 3 Novemba 2013 kulionekana kaskazini mwa Uganda na huko Turkana, na kwingine kutakuwako tarehe 2 Agosti 2027, ambako jua litafunikwa lote kutoka Hispania, kupita Afrika ya Kaskazini na Uarabuni, hadi Somalia, na sisi wa Kenya tutaona sehemu tu. Filta ya jua ya namna ya karatasi nyembamba isifutwe. Ipulizwe kwa wepesi. Kabla ya kuitumia, iinue mbele ya taa yenye nguvu. Ukiona tundu dogo kama la sindano, au mkunjo uliopasuka, itupe. Filta nyeusi za kawaida za kupigia picha si kinga ya jicho kwa jua, hata ukizibandika mbili pamoja.

KUZUIA NI KURAHISI KULIKO KUSAFISHA

Mwenye busara husafisha mara chache kwa sababu huchafua mara chache. Kifuniko cha lenzi kisiwe mfukoni wakati kamera haitumiki. Mfuko wa kamera ukung'utwe kila juma, maana mchanga hujificha katika mishono yake. Filta ikifunguliwa iingie katika kijisanduku chake, si katika mfuko wa suruali pamoja na funguo na sarafu. Usibadilishe filta barabarani lori linapopita; subiri vumbi litue.

Katika miezi ya mvua, na hasa kwa ndugu zetu wa Pwani, Mombasa, Lamu na Unguja, adui si mchanga bali ni unyevu. Kuvu huota juu ya kioo kilichofungiwa gizani penye unyevu, nayo yaweza kuula utando. Mfuko wa ngozi hushika unyevu, kwa hiyo usiweke kamera humo miezi mingi. Weka katika kisanduku kinachofunga sana pamoja na vile vifuko vidogo vya chembe za kukausha vipatikanavyo katika masanduku ya viatu vipya. Mchele haufai, maana una vumbi lake.

Watu hushindana kama filta ya kinga ikae juu ya lenzi siku zote. Sisi twaona hivi: kiangazi, Ishiara, siku ya soko, ikae. Usiku, taa zikiwa mbele ya kamera, itolewe, kwa maana taa hujirudia katika kioo na kuleta madoa ya mwanga katika picha. Na siku filta itakapokuwa imekwaruzika kiasi cha kuleta ukungu, isihuzunikiwe. Imekwisha kufanya kazi yake. Imepokea mikwaruzo ambayo ingeipata lenzi, na bei ya lenzi huweza kuwa mara kumi au ishirini ya bei ya filta. Nunua nyingine.

Ndugu msomaji, ukienda kupigwa picha nawe, usione haya kumwambia kijana wa kamera kwa upole, "Mwanangu, itazame filta kwanza." Ukimwona anashika ncha ya shati, mwambie habari za ungo na mtama. Atakuelewa, kwa kuwa mama yake pia hupeta kabla ya kusaga.